Debaga Nne Mezani: Ipi Inajua Kuifunga Programu Bila Kuacha Uchafu

Debaga, yaani chombo cha kuchunguza makosa ya programu, husifiwa kwa namna inavyoisimamisha programu katikati ya kazi na kukufunulia yaliyomo ndani. Tathmini hii inatazama upande mwingine, ule ambao watu huugundua wakishaumia: ukibonyeza kitufe cha kufunga, au ukiandika `quit`, programu iliyokuwa ikichunguzwa inakufa kifo gani, na inaacha nini nyuma?

Tulizoziweka mezani ni nne: GDB, LLDB, Delve ya lugha ya Go, na debaga ya Node.js iliyomo ndani ya VS Code. Zote ni za bure, na zote tumezipima kwenye Linux. Mwenye haraka achukue hukumu hapa hapa: ukizitumia kama zilivyokuja, zote nne huiua programu papo hapo bila kuipa nafasi ya kufunga kazi zake. Habari njema ni kwamba zote zinarekebishika. Ya Node hurekebishwa kwa neno moja kwenye mpangilio. GDB inataka mistari michache, lakini ndiyo inayokupa mamlaka kamili na ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza. LLDB iko nyuma yake kidogo. Delve inakulazimu kufungua terminali ya pili, jambo linalochosha.

Programu ya majaribio

Kwa kipimo tulitumia programu ya mizani ya ghala la chai, kazi ambayo mafundi wa Shimanzi na Changamwe, Mombasa, wataitambua mara moja. Mizani inaunganishwa kwa waya wa RS-232 kupitia kibadilishi cha USB, kwa hiyo kompyuta inaiona kama `/dev/ttyUSB0`: kasi 9600, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimama. Programu inasoma uzito wa kila mfuko, inauandika kwenye hifadhidata ya SQLite iliyo katika hali ya WAL (mabadiliko huandikwa kwanza kwenye faili ya pembeni), inasikiliza kwenye poti 8080 ili watu wa ofisini waone takwimu, na inazaa prosesi mtoto, yaani programu nyingine inayokimbia chini yake, ya kuchapisha lebo. Ikianza kazi huandika faili ya kufuli, `/var/lock/LCK..ttyUSB0`, ambayo ndani yake mna namba ya prosesi iliyopangwa katika nafasi 10 na kufuatiwa na mstari mpya, kama ilivyo desturi ya Unix.

Programu hii ikifungwa vizuri, inafuta faili ya kufuli, inafunga hifadhidata na faili za `-wal` na `-shm` zinaondoka, inamwambia mtoto amalize lebo aliyoishika, inaachilia poti, na inamwaga kwenye logi maneno yaliyokuwa yamebaki kwenye bafa. Ikiuawa, hufanyika yale tu ambayo keneli, kiini cha mfumo wa uendeshaji, huyafanya yenyewe: kumbukumbu inarudishwa na faili zilizokuwa wazi zinafungwa. Basi.

Jaribio lenyewe halina ugumu. Simamisha programu kwenye brekipointi (mahali ulipoiagiza debaga isimame) ndani ya kitanzi cha kusoma uzito, funga debaga, kisha hesabu masalia:

```
ls /var/lock/LCK..*
ls *.db-*
ss -ltnp 'sport = :8080'
ps -eo pid,ppid,pgid,stat,cmd | grep mizani
```

Kwa nini kufunga hugeuka kuwa kuua

Kwenye Linux debaga huishika programu kwa njia ya `ptrace`, huduma ya keneli ya kuchunguza prosesi nyingine. Programu iliyoshikwa na kusimamishwa huonekana kwenye `ps` ikiwa na herufi `t` ndogo, tofauti na `T` kubwa ya prosesi uliyoisimamisha mwenyewe kwa Ctrl-Z. Ikiwa katika `t`, haitekelezi lolote. Ukiipelekea SIGTERM, yaani ishara ya 15 inayoiomba programu ijifunge, ishara hiyo inakaa ikingoja. Kipokezi cha ishara ni sehemu ya msimbo wa programu ile ile, na aliyefungwa mikono hawezi kujisafisha. SIGKILL, ishara ya 9, ndiyo hupita, kwa kuwa keneli haihitaji ridhaa ya programu ili kuitekeleza.

Ndiyo maana waundaji wa debaga huchagua njia ya mkato: inafanya kazi kila mara. Kwa programu ndogo ya mazoezi haina madhara. Kwa programu inayoshika kifaa, poti na hifadhidata, njia hiyo ndiyo chanzo cha zile hitilafu za ajabu ambazo hujitokeza tu pale unapoanzisha mara ya pili.

Ufungaji unaofaa una mpangilio wake, na mpangilio huo hauruki hatua. Kwanza zima brekipointi zote. Kisha iache programu iendelee huku ukiipelekea SIGTERM. Ipe sekunde chache. Ikikataa kufa, hapo ndipo SIGKILL. Hatua ya kwanza ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Ukiwa na brekipointi kwenye kazi inayoitwa kila mahali, tuseme `andika_logi`, usafi wa mwisho nao utaiita, programu itasimama tena katika `t`, na wewe utaapa kwamba SIGTERM haikufika. Ilifika. Programu imenasa kwenye mtego ulioutega mwenyewe nusu saa iliyopita.

GDB

GDB, iliyoanzishwa na Richard Stallman mwaka 1986, ina amri tatu za kuachana na programu, na watu huzichanganya. `kill` huiua huku debaga ikibaki wazi. `detach` huiachilia iendelee kivyake. `quit` hutazama kwanza programu ilipatikanaje: kama GDB ndiyo iliyoianzisha kwa `run`, itaiua, kama uliidandia ikiwa tayari inakimbia, kwa `attach`, itaiachilia. Kabla ya kutoka huuliza swali, na ndani ya swali hilo mna neno moja la kusomwa kwa makini: `killed` au `detached`. Wengi wameweka `set confirm off` kwa kuchoshwa na maswali, na tangu hapo hawalioni neno hilo. Sisi tunashauri uliache swali lilivyo.

Kwa `quit` ya kawaida, programu yetu ya mizani iliacha kila kitu. Faili ya kufuli ilibaki, `-wal` na `-shm` zilibaki, na mtoto wa kuchapisha alibaki hai akiwa yatima, kwa sababu GDB huua ile prosesi inayoichunguza tu, haifuati watoto walioachiliwa. Kwa kuwa mtoto huyo alikuwa amerithi soketi ya baba yake, poti 8080 ilibaki imeshikwa. Jaribio la kuanzisha upya likagonga mwamba wa `Address already in use`.

Marekebisho yanaingia kwenye `~/.gdbinit`:

```
define maliza
  if $_thread != 0
    disable
    signal SIGTERM
  end
end
document maliza
Zima brekipointi zote, endelea, na upeleke SIGTERM.
end
```

`$_thread` huwa 0 pale ambapo hakuna programu hai, kwa hiyo amri haitalalamika ukiiita bure. `disable` bila neno jingine huzima brekipointi zote, pamoja na zile za kuvizia data inapobadilika. Kiungo chenye thamani ni `signal SIGTERM`: kwa pigo moja inaiendesha programu kutoka ilipokuwa na kuikabidhi ishara, bila kupitia jedwali la GDB la kushughulikia ishara.

Jedwali hilo ndilo hukwamisha wanaotumia `kill -TERM` kutoka terminali nyingine. Andika `info signals SIGTERM` utaona kwamba kwa kawaida GDB husimama, hutangaza, kisha hupitisha. Maana yake ishara ya kutoka nje itaisimamisha programu kwanza, utaona `Program received signal SIGTERM, Terminated.`, na programu haitapokea chochote hadi uandike `continue` tena. SIGINT ina hali ngumu zaidi, kwa sababu GDB huizuia kabisa isiifikie programu. Ndiyo Ctrl-C unayoitumia kusimamisha. Ikiwa programu yako hujisafisha kwa Ctrl-C, usitarajie kuona usafi huo ndani ya GDB mpaka uandike `signal SIGINT`.

Kwa `maliza`, programu ya mizani ilifuta kufuli yake, ikafunga hifadhidata, ikamngoja mtoto, na GDB ikaandika `exited normally`. Jambo la kuangalia hapo: programu ikitoka na namba nyingine, GDB huichapisha kwa hesabu ya msingi wa nane. Namba 143 utaiona kama 217. Andika `print $_exitcode` upate namba ya kawaida.

Na ikigoma kufa? Hapa ndipo GDB inapozipita zote, maana unaweza kuuchunguza ugomaji wenyewe. Bonyeza Ctrl-C, andika `thread apply all bt`, na utaona kila uzi (thread) wa programu umekwama wapi. Visababu vitatu hurudi mara kwa mara.

Cha kwanza, programu iliweka kipokezi kwa `signal()` badala ya `sigaction()`. Kwenye glibc, maktaba ya C ya Linux, `signal()` huwasha SA_RESTART. Kipokezi kinainua bendera ya kufunga vizuri kabisa, lakini `read()` iliyokuwa ikingoja uzito kutoka kwenye mizani inajirudia yenyewe na kulala tena. Hakuna mfuko mpya juu ya mizani, hakuna data, hakuna anayeitazama bendera. Mtu hulaumu debaga, na kosa liko kwenye programu. Tumia `sigaction()` bila SA_RESTART, ili `read()` irudi na EINTR (kosa la kukatizwa), kisha itazame bendera, nayo iwe `volatile sig_atomic_t`.

Cha pili, kipokezi kinaita `printf` au `malloc`. Debaga huenda ilikuwa imeisimamisha programu ikiwa ndani ya `malloc`, imeshika kufuli ya ndani. Kipokezi kikiomba kumbukumbu kinangoja kufuli ambayo mwenyewe ndiye aliyeishika, na kitangoja milele. Kosa hili lipo hata nje ya debaga, ila huko hutokea kwa nadra mno. Debaga inalileta juani. Dawa ni kipokezi kuinua bendera tu, au kuandika baiti moja kwenye paipu, na usafi wenyewe ufanywe na kitanzi kikuu.

Cha tatu ni chako mwenyewe: uliweka `set scheduler-locking on` ili upige hatua kwenye uzi mmoja bila wengine kukuingilia, ukasahau. Uzi huo mmoja unaendelea, unangoja wenzake wafunge, na wenzake wamelala. Irudishe `off`.

Ukishaona ulichotaka kuona, `kill` inabaki pale kama kisu cha mwisho.

LLDB

Ukiandika `quit`, LLDB nayo huuliza, na swali lake liko wazi zaidi kuliko la GDB: linakwambia kwamba kutoka kutaua prosesi moja au zaidi, au kutaziachilia ikiwa ulizidandia. Amri zake ni `process kill` na `process detach`. Masalia ya `process kill` yalikuwa yale yale ya GDB.

Kufunga kwa adabu kunakwenda hivi, 4127 ikiwa ni namba ya prosesi uliyoipata kwa `process status`:

```
breakpoint disable
process handle SIGTERM --pass true --stop false --notify true
platform shell kill -TERM 4127
continue
```

Bila mstari wa pili, LLDB itasimama ishara inapofika, kama GDB. Mstari wa tatu unapeleka ishara wakati programu bado imesimama. Inangoja foleni, na `continue` ndiyo inayoifungulia mlango. Mpangilio huo si kosa, usiugeuze. Unafanya kazi vizuri, ila kuandika namba ya prosesi kwa mkono kila mara kunaleta makosa, na ndiyo sababu LLDB imekuwa ya pili.

Kwa yeyote anayejenga kwa Clang na kuwasha kichunguzi cha uvujaji wa kumbukumbu, LeakSanitizer: hicho hakifanyi kazi chini ya `ptrace`. Programu ikifungwa vizuri ndani ya GDB au LLDB, kitaanguka mwishoni kwa kelele, na utadhani ufungaji wako ndio ulioharibika. Weka `ASAN_OPTIONS=detect_leaks=0` ukiwa ndani ya debaga, na upime uvujaji nje yake.

Delve

Kwa Go, Delve ndiyo ya kutumia, hilo halina mjadala. Ukiiendesha programu ya Go kwa GDB utasumbuliwa na SIGURG, ishara ambayo Go yenyewe hujipelekea tangu toleo 1.14 ili kupokezana zamu za kazi. Delve inalijua hilo.

Inapofunga programu iliyoianzisha yenyewe, Delve hupeleka SIGKILL kwa kundi zima la prosesi, siyo kwa prosesi moja. Kwa hiyo mtoto wetu wa kuchapisha alikufa pamoja na baba, na poti 8080 ikabaki huru. Hapo imeipita GDB ya kawaida. Lakini `defer`, kazi za mwisho za Go, hazikutekelezwa, `signal.Notify` haikupokea chochote, na faili ya kufuli ilibaki pale pale.

Delve haina amri ya kupeleka ishara. Jenga kwa jina unalolijua, `dlv debug --output ./mizani-chunguza`, na wakati wa kufunga andika `clearall` kisha `continue`. Kwenye terminali ya pili:

```
pkill -TERM -f '^[^ ]*mizani-chunguza'
```

Programu itajisafisha, na Delve itatangaza kwamba prosesi imetoka na namba 0. Tazama kwanza kwa `pgrep -af mizani-chunguza` ni nani watakaopigwa, kwa sababu mstari wa amri wa Delve yenyewe nao unalibeba jina hilo, na ukiipiga Delve badala ya programu umerudi ulikotoka. Ukiona namba sahihi, `kill -TERM` ya namba hiyo ni salama zaidi kuliko `pkill`.

Alama ya kutambua kwamba Delve yenyewe iliuawa kwa nguvu ni faili zenye majina yanayoanza na `__debug_bin` ndani ya folda ya mradi. Hizo ni programu zilizojengwa kwa muda, ambazo Delve huzifuta ikitoka salama. Zifute, na uziongeze kwenye `.gitignore`.

Node.js ndani ya VS Code

Hapa kazi ni nyepesi. Kwa kawaida debaga hii huua mti mzima wa prosesi kwa SIGKILL. Ndani ya `launch.json` ongeza:

```
"killBehavior": "polite"
```

Kuanzia hapo kitufe cha kufunga, au Shift+F5, hupeleka SIGTERM. Thamani nyingine ni `forceful`, ambayo ndiyo ya kawaida, na `none`, ambayo haiui kabisa.

Neno hilo peke yake halitoshi kama programu haina `process.on('SIGTERM', ...)`, kwa kuwa Node bila kipokezi hufa mara ishara ikifika. Ndani ya kipokezi ita `server.close()`. Katika Node 18 na za kabla yake, `server.close()` hungoja miunganisho iliyolala ambayo kivinjari huiacha wazi, na programu huonekana imegoma; kuanzia 18.2 unaweza kuita `server.closeIdleConnections()`, na kuanzia 19 `close()` hulifanya hilo yenyewe. Na kumbuka kipokezi ni JavaScript, nacho hakikimbii wakati umesimama kwenye brekipointi. Bonyeza F5 iendelee, ndipo ufunge.

Ukiona `Waiting for the debugger to disconnect...` kwenye terminali, usiogope. Programu imeshamaliza, inangoja debaga iachie. Ukiona kwamba poti 9229 imeshikwa, kuna Node ya awali ambayo haikufa, na `ss -ltnp 'sport = :9229'` itakupa namba yake.

Nyuma ya VS Code kuna itifaki ya DAP (Debug Adapter Protocol), lugha ya mazungumzo kati ya edita na debaga, na inafaa kuijua kwa sababu edita nyingi huizungumza. Ina maombi mawili tofauti. `terminate` huiomba programu ijifunge yenyewe. `disconnect` hukata mazungumzo, na ndani yake mna `terminateDebuggee` inayosema iuawe au iachwe. Isipotajwa, programu iliyoanzishwa na debaga huuawa na iliyodandiwa huachwa. Adapta, yaani kiungo cha upande wa debaga, ikitangaza kwamba inaijua `terminate`, VS Code huituma hiyo kwanza, na ukibonyeza kitufe mara ya pili ndipo inatuma `disconnect`. Kwa hiyo usibonyeze mara mbili kwa pupa: pigo la pili ndilo linaloua. Jina la ombi nalo halitoshi kukuhakikishia adabu. Upande wa GDB, ambayo imezungumza DAP yenyewe tangu toleo 14, kinachoendeshwa chini kwa `terminateDebuggee` ni ile ile `kill`.

Wanaotumia Python wana raha wasiyoijua: ndani ya `pdb`, `q` hurusha kosa, kwa kawaida `BdbQuit`, linapanda ngazi kama kosa lolote, na `finally` zote zinatekelezwa.

Ukiwa mbali na mashine

Kuchunguza mashine ya ghalani ukiwa umekaa Nyali au Bamburi ni jambo la kila wiki kwa mafundi wengi, na hapa ufungaji mbaya hugharimu kwa kweli. `ssh` ikikatika, GDB iliyokuwa ikikimbia upande wa pili hupokea SIGHUP, ishara ya kukatika kwa terminali, na kutoka: programu iliyoianzisha inakufa, iliyodandiwa inaachiliwa. Anza `tmux`, inayoiweka kazi hai hata `ssh` ikikatika, kabla ya GDB, hata kwa kazi ya dakika 5.

Kwa `gdbserver`, sehemu ya GDB inayokaa kwenye mashine ya mbali, tofauti ya `detach` na `disconnect` ni ya kuikariri. `detach` huiachilia programu iendelee kupima mifuko. `disconnect` hukata waya tu na kuiacha programu imesimama, ikikungoja urudi. Aliyeandika `disconnect` na kwenda nyumbani ameacha mizani imeganda, na asubuhi watu wa ghala wataona skrini isiyosogea bila ujumbe wowote wa kosa. Kwenye `ps` itakuwa na ile `t` ndogo. Ukitaka kuifunga `gdbserver` yenyewe tumia `monitor exit`.

`gdbserver` haiulizi nenosiri. Iendeshe kwa `gdbserver localhost:2345` na upitishe kwa `ssh -L 2345:localhost:2345`, usiifungue kwenye mtandao wa ghala.

Kudandia programu hai kwa `attach` kwenye Ubuntu kutakataliwa kwa `Operation not permitted`, kwa sababu `/proc/sys/kernel/yama/ptrace_scope` imewekwa 1. Tumia `sudo`, usiiweke 0 kwenye mashine ya kazi. Na ukidandia prosesi ya PostgreSQL, usiandike `kill` kwa hali yoyote. Prosesi moja ya nyuma ikifa kwa SIGKILL, mama yake huwafukuza wengine wote na kuanza kurekebisha hifadhidata upya, maana hawezi kuiamini tena kumbukumbu wanayoshirikiana. Andika `detach`, kisha `quit`.

Yasiyotibiwa na debaga yoyote

Stima ya Mombasa ikikatika inafanya kazi ile ile ya SIGKILL, na haina `killBehavior`. Kwa hiyo tunaona `kill -9` ni kipimo halali cha programu yenyewe, na masalia tuliyoyahesabu yanaonyesha mahali pa kurekebisha msimbo.

Kwa SQLite, usiguse chochote. Faili ya `-wal` iliyobaki ina miamala iliyokwisha kukubaliwa, na SQLite itaisoma yenyewe ukifungua tena. Tumeona ushauri wa kuifuta ili kusafisha. Anayefuta anafuta uzito wa mifuko.

Faili ya kufuli inahitaji kazi. Programu ikiikuta, isome namba iliyomo na ijaribu `kill(pid, 0)`. Jibu likiwa ESRCH, mwenyewe alishakufa na kufuli ni ya kufutwa. Namba za prosesi hurudiwa lakini, hasa baada ya mashine kuwaka upya, kwa hiyo njia imara zaidi ni `flock()` juu ya faili hiyo. Keneli huiachilia `flock()` mwenye faili anapokufa, kwa njia yoyote aliyokufa.

Ila `flock()` ina mlango wa nyuma, nao ndio ule ule uliotushikia poti 8080. Mtoto aliyezaliwa baada ya faili kufunguliwa anairithi, na kufuli inabaki maadamu yeye yu hai. Fungua faili kwa O_CLOEXEC na soketi kwa SOCK_CLOEXEC, ili zifungwe mtoto anapoanza programu yake kwa `execve`. Kisha, ndani ya mtoto, mara tu baada ya `fork()`, weka:

```
prctl(PR_SET_PDEATHSIG, SIGTERM);
if (getppid() != pid_ya_baba) _exit(1);
```

Mstari wa kwanza unaiagiza keneli imtumie mtoto SIGTERM baba akifa. Wa pili unaziba ile nafasi ndogo ya baba kufa kabla ya agizo kuwekwa. Angalia kwamba baba hapa ni uzi uliomzaa, siyo prosesi nzima: ukimzaa mtoto kutoka kwenye uzi wa muda mfupi, atapigwa pindi uzi huo ukimaliza, programu yote ikiwa bado nzima. Mzae kutoka kwenye uzi mkuu.

Baada ya mabadiliko hayo tulirudia `quit` ya GDB bila `maliza`. Mtoto alimaliza lebo yake akatoka, `ss` haikuonyesha kitu kwenye 8080, faili ya kufuli ilikuwepo lakini haikuwa imeshikwa na yeyote, na programu ikaanza mara ya pili bila neno.